Kamera Isizime Porini: Umeme wa Siku Kumi Bila Soketi

Ukishalipita lango la Sitalike na kuelekea Ikuu na Ziwa Chada, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, magharibi mwa Tanzania, umeme wa nguzo umeuacha nyuma. Agosti na Septemba ndiyo miezi yenyewe ya kupiga picha. Mto Katuma umebaki vidimbwi, viboko wamebanana kwenye tope la mwisho, mamba wamejificha kwenye mapango ya kingo za mto, na nyati wanateremka kunywa kwa makundi makubwa. Picha za mambo hayo hazipatikani kwa kupita asubuhi moja. Zinataka ukae wiki nzima, ikiwezekana siku kumi. Na kwenye kambi maalum za hifadhi zetu hakuna bomba wala choo, sembuse soketi.

Wengi wakijiandaa kwa safari ya namna hii huanzia dukani: paneli ya sola, pawa benki kubwa, betri mbili tatu za ziada. Nakuomba uanze na kalamu na karatasi. Kamera nyingi zinazozima siku ya nne porini zimezimwa na hesabu ambayo haikupigwa nyumbani, na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwa wati-saa

Geuza betri ya kamera yako usome maandishi yake. Kuna volti, kuna mAh (miliampea-saa), na mara nyingi kuna namba ya tatu yenye herufi Wh. Hiyo ndiyo wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichomo. Usipoiona, zidisha volti kwa mAh, kisha gawanya kwa 1,000. Canon LP-E6N, kwa mfano, ina volti 7.2 na mAh 1,865, kwa hiyo inabeba wati-saa 13 na nusu hivi. Sony NP-FZ100 ina volti 7.2 na mAh 2,280, inakaribia wati-saa 16 na nusu.

Namba ya mAh peke yake inawapoteza watu wengi. Pawa benki iliyoandikwa mAh 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani yake, wakati betri ya kamera ni ya volti 7.2. Mtu akigawanya 20,000 kwa 1,865 anajiona ana chaji karibu kumi na moja mfukoni. Fanya kwa wati-saa uone: 20,000 mara 3.7 ni wati-saa 74. Sehemu ya nishati hiyo inapotea kama joto wakati pawa benki inapandisha volti, na nyingine inapotea kwenye chaja. Kitakachoingia kwenye betri za kamera ni wati-saa 50 hivi. Hizo ni chaji tatu na nusu. Kati ya kumi na moja na tatu na nusu ndipo safari za watu zinapoharibikia.

Sasa jua kamera yako inakula kiasi gani. Aina ya kamera ina uzito mkubwa hapa. Nikon D850, ambayo ni DSLR, yaani kamera yenye kioo cha ndani, imepimwa kwa kipimo cha CIPA cha Japani kuwa inapiga picha 1,840 kwa chaji moja. Nikon Z6, ambayo haina kioo cha ndani na hukuonyesha picha kwenye skrini ndogo ya tundu la kuchungulia, imepimwa picha 310, ilhali betri zao ni za familia ileile ya EN-EL15. Sababu ni kwamba ukiwa na DSLR unaweza kumchungulia simba nusu saa nzima na kamera isile karibu chochote, kwa kuwa unamwona kwa lenzi na vioo. Kwenye kamera isiyo na kioo cha ndani, kila dakika unayochungulia, kihisi na skrini vinafanya kazi. Kwa hiyo mwenye DSLR ahesabu picha, na mwenye kamera ya aina ile nyingine ahesabu saa ambazo kamera imewaka.

Namba za CIPA ni za kulinganishia kamera na kamera. Yako ipime mwenyewe. Nenda mahali penye ndege au wanyama, shinda hapo na kamera kutwa kama utakavyoshinda porini, uone umemaliza betri ngapi. Tuseme umemaliza betri moja na nusu ya wati-saa 13 na nusu. Hizo ni wati-saa 20 kwa siku. Simu ya mAh 5,000 ina wati-saa 19 hivi, lakini ukiiweka kwenye hali ya ndege utaridhika na 10 kwa siku. Taa ya kichwani ipe 3. Jumla ni 33, na ukigawanya kwa 0.7 ili kufidia yanayopotea njiani, unapata karibu wati-saa 47. Iandike 50. Hiyo ndiyo posho yako ya umeme kwa siku, na kila kifaa utakachonunua kijibu namba hiyo.

Kompyuta mpakato ina betri ya wati-saa 50 au zaidi. Ukiibeba umejiongezea mdomo mwingine unaokula posho ya siku nzima. Ushauri wangu ni uiache nyumbani na ubebe memori kadi za kutosha.

Hatua ya 2: Chagua chanzo kulingana na namna unavyosafiri

Ukiwa na gari, gari ndilo chanzo chako cha kwanza, na jua lifuate. Katika hifadhi gari linatembea saa tano au sita kwa siku, na muda wote huo altaneta inazalisha umeme. Chukua chaja ndogo ya USB-C inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, yenye wati 30 au zaidi. Kwa wati 18 za uhakika, saa tatu za kuzunguka zinakupa wati-saa 54, na posho ya siku imepatikana kabla hujarudi kambini. Mambo mawili ya kuuliza kabla ya kukodi: je, tundu hilo linafanya kazi? Na gari ni la volti 12 au 24? Baadhi ya Land Cruiser za zamani na malori ni ya volti 24, kwa hiyo nunua chaja iliyoandikwa 12–24V uepuke mashaka.

Madereva wengi wana hofu, tena hofu ya haki, kwamba abiria watamaliza betri ya gari usiku na asubuhi lisiwake katikati ya simba. Mweleze dereva wako kwa namba. Betri ya gari ya Ah 70 ina wati-saa kama 840. Betri moja ya kamera, pamoja na upotevu, itachota wati-saa 20 hivi. Kinacholaza gari ni friji iliyoachwa usiku kucha injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa mashine yake ikiwaka hula wati 40 au zaidi. Hata hivyo chaji injini ikiwa inaunguruma. Dereva atakuwa na amani, na safari yenye dereva mwenye amani ina picha nzuri zaidi.

Inveta inayogeuza umeme wa gari kuwa volti 230 ibebe tu kama chaja yako ni ile ya ukutani pekee. Inageuza volti 12 kuwa 230, halafu chaja inazishusha tena hadi 8 na kitu. Kila mgeuzo unakula sehemu yake. Chaja ya USB ya betri za kamera, yenye vitanda viwili, yaani nafasi za betri mbili, ni nyepesi na inapoteza kidogo.

Ukienda kwa miguu au kwa baiskeli, jua na betri ndiyo mali yako. Pima kwa uzito. Betri ya LP-E6N ina gramu 80 hivi. Nne zina gramu 320 na wati-saa 54 zilizo tayari kutumika. Pawa benki ya mAh 20,000 ina gramu 350 hadi 450 na inakupa kiasi hichohicho, tena baada ya kusubiri. Kwa safari ya siku nne au tano kwa miguu, betri za ziada zinashinda. Zaidi ya hapo paneli inaanza kulipa uzito wake.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa, kisha zima umeme nyumbani

Kwa siku kumi Katavi ningebeba betri nne za kamera, chaja ya USB ya vitanda viwili, pawa benki mbili za mAh 20,000, paneli ya kukunja ya wati 28 yenye tundu la USB, chaja ya gari, na waya mbili za kila aina. Waya ndicho kitu kidogo kinachoua safari kubwa. Pawa benki ziwe mbili kwa sababu moja inaweza kuwa juani wakati nyingine inafanya kazi, na pia moja ikifa hujabaki mikono mitupu.

Kamera nyingi za sasa zinachaji betri ikiwa ndani yake kwa waya wa USB-C. Angalia kitabu cha kamera yako, kwa kuwa masharti yanatofautiana: baadhi ya Canon, kama R5 na R6, zinataka chanzo chenye mfumo wa PD (Power Delivery, wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C), na Nikon Z6 inachaji EN-EL15b ikiwa ndani lakini inaikataa EN-EL15a ya zamani.

Kuhusu betri zisizo za kampuni ya kamera: zipo zinazofaa, na bei yake ni ya kibinadamu. Lakini mtaani zimejaa nyingine zilizobandikwa namba kubwa ambazo hazimo ndani. Dalili rahisi ni betri yenye umbo lilelile na mAh zilizozidi sana za asili. Jaza, piga nayo kutwa nzima, linganisha na ya asili. Ikivimba hata kidogo, usiingie nayo kwenye hema.

Kama unafika kwa ndege, betri za ziada na pawa benki zote ziwe kwenye begi la mkononi. Mpaka wa kawaida wa mashirika ya ndege ni wati-saa 100 kwa kila moja, yaani pawa benki ya mAh 27,000 hivi. Funika vichwa vya betri au ziweke kwenye vifuko vyake, zisigusane na funguo wala sarafu.

Vikishakamilika, chagua Jumamosi na Jumapili moja, jifanye nyumba haina umeme. Kamera, simu na taa zitumie vifaa vya safari pekee, na paneli ianikwe uani. Hapo ndipo utagundua waya usiopitisha, pawa benki inayojizima kifaa kikivuta umeme kidogo, au paneli ambayo wati zake zimeishia kwenye boksi. Kugundua hayo ukiwa Mpanda mjini bado kuna dawa. Ukiwa Chada hakuna.

Hatua ya 4: Jua lijaze pawa benki, pawa benki ijaze kamera

Paneli iliyoandikwa wati 28 haitoi 28. Namba hiyo imepimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juani Katavi seli zinapanda hadi 50 au 60, na kila nyuzi moja ya ziada inapunguza uzalishaji kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Tegemea wati 15 hadi 17 jua likiwa kali. Kwa saa nne hizo ni wati-saa 60 na kitu, na posho yetu ya 50 imo humo.

Usiunganishe paneli moja kwa moja na kamera. Wingu likipita, umeme unashuka, na chaja nyingi hukatika halafu hazianzi tena zenyewe. Unarudi saa tisa ukidhani betri imejaa, kumbe ilikatika saa tano. Jua linakuja na kukatika kama mvua za vuli, na pawa benki ndilo pipa chini ya bati. Lijae taratibu mchana. Usiku utachota kwa utulivu.

Namna ya kuanika ina maana kubwa kuliko ukubwa wa paneli:

- Anika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Bahati nzuri ndizo saa ambazo mwanga ni mbaya kwa picha na wanyama wamelala kivulini, kwa hiyo upo kambini na unaweza kuilinda.
- Paneli itazame jua. Simamisha kijiti wima juu ya uso wake. Kivuli kikipotea, umelenga. Geuza kila baada ya saa moja hivi. Mwezi wa Agosti, jua la saa sita mchana pale Katavi limeegemea kaskazini kwa nyuzi kama 20, kwa hiyo inua ukingo wa kusini. Desemba ni kinyume chake.
- Epuka hata kivuli cha tawi moja. Seli zimeungwa kwa mfuatano, na moja ikizibwa inawabana wenzake.
- Pawa benki yenyewe ikae kivulini, penye hewa. Betri za lithiamu zikizidi nyuzi 45 wakati wa kuchaji zinaharibika haraka.
- Futa vumbi kila siku kwa kitambaa laini.

Kamwe usiiache paneli peke yake. Tumbili na nyani wanaweza kubeba vitu vya kambini, na fisi akipita usiku atatafuna mfuko, waya, hata kiatu. Jua likishuka, vyote viingie ndani ya gari au hema.

Gari nalo lina joto lake. Katavi kuna ndorobo, na ndorobo wakizidi madirisha yote yanafungwa. Dashibodi hapo inakuwa kama tanuri, kwa hiyo betri zikae kwenye begi chini ya kiti.

Hatua ya 5: Utaratibu wa kila jioni

Zipe betri namba kwa utepe wa karatasi, 1 hadi 4. Iliyojaa iwe kwenye mfuko wa kulia, iliyotumika wa kushoto, na utaratibu huo usibadilike hata siku moja. Vifuniko vya betri za Canon vina tundu dogo: ukikivika upande mmoja unaona rangi ya buluu, ukikigeuza huioni. Tumia hilo kujua iliyojaa gizani kwa tochi.

Baada ya chakula cha usiku, chaji kwa mpangilio huu: betri za kamera kwanza, taa ya kichwani, kisha simu. Kabla ya kulala andika kwenye daftari kila pawa benki imebaki na taa ngapi. Ukiona kwa siku mbili mfululizo unatoa zaidi ya unachoingiza, punguza matumizi siku ya tatu, usisubiri ya tano.

Karibu na vijiji vibanda vya kuchaji simu kwa sola vipo, na ni msaada wa kweli. Peleka pawa benki, uache kamera na betri zake begini. Vituo vya askari wa wanyamapori pia mara nyingi vina sola, lakini ile ni ya taa na redio ya kazi. Ukibanwa, nenda mchana jua likiwa limewaka, salimia vizuri, uliza: "Habari za kazi, afande. Naomba kuchaji kidogo, kama mfumo wenu unaruhusu." Usiku usiombe, redio ile ndiyo itakayotafuta msaada mtu akiumia.

Hatua ya 6: Kula kidogo

Zima Wi-Fi, Bluetooth na GPS ya kamera, ama weka hali ya ndege. Zima picha inayojitokeza kwenye skrini kila ukibonyeza. Punguza mwanga wa skrini. Weka kamera ijilaze baada ya sekunde 30 au dakika moja. Ukigusa kitufe cha shata inaamka. Kwenye DSLR chungulia kwa tundu, usitumie skrini ya nyuma.

Mla umeme mkubwa ni video, na anayemfuatia ni mtu anayepitia picha zake kila baada ya dakika tano. Picha zichague ukirudi nyumbani. Kama kiu ya video ni kubwa, itengee betri moja kwa siku; ikiisha, video imeisha.

Kwa picha za nyota za saa nyingi kuna betri bandia: umbo la betri lenye waya unaokwenda kwenye pawa benki. Hakikisha ni ya modeli yako hasa.

Ukienda Kilimanjaro, mambo yanageuka

Mlimani adui ni baridi. Kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600, kilele cha Uhuru mita 5,895, na safari ya kilele huanza karibu saa sita usiku, joto likiwa chini ya sifuri. Betri ya lithiamu ikipoa, kemia yake inazorota na volti inashuka. Kamera inadhani imeisha na kujizima. Nishati bado imo. Ipashe moto kwapani au tumboni, itafufuka.

Kwa hiyo betri zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Usiku wa kilele, moja iwe kwenye kamera chini ya koti, mbili mfuko wa ndani unaogusa mwili, na uzibadilishe kila moja ikipoa. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri, kwa kuwa lithiamu inajijenga kama tabaka la metali ndani ya seli na uharibifu huo haurudi nyuma. Ipashe kwanza. Paneli siipendekezi kwa siku sita au saba za Machame au Lemosho: unatembea mchana kutwa, mara nyingi ndani ya ukungu, na mpagazi hana haja ya mzigo usiofanya kazi. Betri nne na pawa benki moja zinatosha mpiga picha wa kawaida.

Ukirudi

Kagua kila betri: iliyovimba, iliyopasuka, au inayopata moto isivyo kawaida isichajiwe tena. Isichomwe moto wala kutupwa jalalani. Iulizie kwa fundi au duka linalokusanya taka za umeme. Nzima ziache zikiwa na chaji karibu nusu, nje ya kamera, mahali pakavu, na utepe wa namba ubaki umebandikwa. Daftari la siku kumi lihifadhi pamoja nazo. Safari ijayo, iwe Ruaha au Mkomazi, posho yako ya siku utaisoma humo kwa mwandiko wako mwenyewe.